Unga Alioukataa Bibi

Mama ni fundi cherehani, na mdomo anao. Mteja akijidai ana kiuno chembamba, Mama humpima tena na kuisoma namba kwa sauti, duka zima lisikie. Lakini ukimtajia mama yake mzazi, cherehani husimama. Bibi alihukumiwa kwa uchawi, eti aliwaua watoto watatu wa mtaani kwao, akafia gerezani. Mama alikuwa na miaka sita. Mwenye duka la jirani akamchukua, akamlea, akamlipia mafunzo ya ushonaji. Huyo ndiye niliyemwita Babu, na nilimpenda mno.

Mwaka huu akaja mtangazaji wa redio, dada mmoja anayezichambua kesi za zamani kama mauaji ya jana. Nikamnong'oneza Mama, "Huyu atatutia aibu bure."

"Mwache. Nataka nijue kama nilizaliwa na muuaji."

Yule dada hakuuliza habari za bundi wala hirizi. Aliuliza, "Wale watoto walikula nini?"

"Uji," Mama akajibu. "Ulikuwa wa rangi ya waridi, mzuri huo! Nililia kuutaka. Mama aliunusa unga wetu, akaumwaga, akanishika mkono tukaenda mbio dukani tulikoununua."

Mtangazaji akaeleza taratibu kwamba mahindi ya mbegu hutiwa dawa ya wadudu yenye rangi. Ukiyasaga ukala, unakufa.

"Na mahakamani," akaendelea, "mwenye duka, huyo aliyekulea, alisema alimsikia mama yako akiwapigia watu kelele, 'Mtakufa!'"

"Alisema, 'Mkiula unga huu mtakufa!' Nilikuwa nimeshika gauni lake." Mama akamsahihisha. "Nilipomkumbusha Baba, aliniambia nilikuwa mdogo, niliota tu."

Jamani! Damu ilinichemka. Nilitaka kumtimua yule dada, nikataka pia kwenda makaburini nikamtukane Babu. Nikabaki nimekaa, nalia kama mtoto.

Mtangazaji naye alilegea. "Tunaweza tusimtaje. Tutasema tu kwamba mama yako hakuwa na hatia."

"Mtaje," Mama akasema. "Na useme alinilea vizuri, maana ni kweli."

Akavua miwani, akaifuta, hakuivaa tena.

"Miaka yote hii, kila nikisali, nilimshukuru Mungu kwa kuniondoa mikononi mwa mama yangu."