Profesa Mbuyu Mbele ya Koo Mbili

Profesa Mbuyu amefundisha historia miaka thelathini na mitano, na kitabu chake juu ya koo za kando ya ziwa kinasomwa mpaka Ulaya. Siku ile, hapa Kalemie, nilimwona ukumbini, ameitwa kutoa ushahidi mbele ya koo mbili zilizogombea ardhi ya Mpala. Ukoo uliofika kwanza ungebaki. Mwingine ungebomoa nyumba zake.

Papa Jérôme wa ukoo wa Mulonda alisimama kutaja machifu wa zamani, kama alivyodai kufundishwa na babu yake. "Mulonda alifika kwanza. Kasanga akamfuata, akaomba mahali pa kulala."

"Njo hivyo!" watu wake wakapiga makofi. "Profesa, sema ndiyo, twende kula!"

Profesa hakucheka. Maneno yale alikuwa ameyaandika yeye kitabuni, na watoto wakayakariri shuleni. Lakini asubuhi ile alikuwa amefungua daftari lake la ujana, lenye simulizi ya babu huyo huyo: Kasanga ndiye aliyetangulia. Alipoinakili kitabuni, aligeuza majina bila kujua.

Mama Rosine wa ukoo wa Kasanga alimkazia macho. "Papa Profesa, mbona unanyamaza?"

"Jérôme, hayo si ya babu yako," Profesa akasema. "Ni yangu. Nilikosea; babu yako aliniambia Kasanga ndiye aliyetangulia."

"Wamekulipa!" mtu akapiga kelele, viti vikaanguka.

Profesa alimpa Jérôme daftari. Chini ya ukurasa palikuwa na alama ya kidole gumba ya babu yake. Jérôme aliitazama, kisha akasoma maneno yaliyokuwa juu yake.

"Basi," akasema, "nyumba za kubomolewa ni zetu."