Mfalme Aliyetafunwa Stendi

Juzi, katika hoteli ya chai pale stendi ya Masasi, waliingia wanunuzi wawili wa korosho, kila mmoja na tai yake na kampuni yake. Soko huria limewafanya mahasimu. Walikaa meza moja kwa sababu nyingine zilijaa, wala hawakusalimiana. Mama mwenye hoteli akawawekea katikati kisahani cha korosho za kukaanga.

Mmoja akachukua korosho moja, akaiweka peke yake mezani.

"Huyu ni mfalme. Yuko ukingoni mwa Ruvuma, mamba anamjia. Unafanya nini?"

Mwenzake akalegeza tai. "Kumbe bado unakumbuka! Narusha kizibo."

Walilala bweni moja shuleni, na huo ndio ulikuwa mchezo wao: korosho ni watu, kizibo cha soda kikianguka kifudifudi mtu anakufa, na aliyekufa analiwa.

"Ndiyo maana haukuisha kwa amani hata siku moja," alisema wa kwanza. "Kwa njaa ile, nani angetaka amani?"

Basi la Newala likapiga honi. Hakuna aliyeinuka. Askari wote walishaliwa, mfalme ndio kwanza anavuka mto, Mama akaja kufuta meza. Akamwokota mfalme, akamtia kinywani.

"Mama! Umemla mfalme wetu!"

Mama akatafuna taratibu. "Hata chumvi hana."

Walicheka mpaka basi likawaacha wote wawili. Tunaambiwa kila siku kwamba ushindani ndio utakaotuinua. Siku ile uliahirishwa mpaka basi la saa nane.