Muuaji Aliyetajwa Mapema Mno

Mshonaji wa mavazi pale studio walimwita Mama Pindo, kwani hakuna mwigizaji aliyempita pindo likining'inia akasalimika. Kwa miaka kumi na minane alishona katika chumba kisicho na dirisha, pini mdomoni, na siri za watu hazikumtoka. Isipokuwa moja.

Mtunzi mmoja, mtu mpole asiye na makuu, alibuni mchezo wa televisheni: waigizaji wanaigiza mauaji, kisha jopo la watu watatu linawahoji mpaka limtambue muuaji. Aliuandika miaka minne. Wakubwa wakakubali kipindi kimoja cha majaribio. Kikiwapendeza, wangenunua vingine kumi na viwili.

Kwenye jopo aliwekwa mdogo wake Mama Pindo, mwalimu wa hesabu. Asubuhi ya kurekodi alikuja kupimwa koti.

"Dada, shule nzima itaniona. Nikikosea uso nitauweka wapi?"

Mama Pindo ndiye aliyeshona kifuko cha damu bandia ndani ya mkono wa gauni la muuguzi, hivyo alijua muuaji ni nani. Damu nzito kuliko maji, akalegea. "Mtazame muuguzi," akanong'ona. "Lakini ungoje mwisho."

Hakungoja. Dakika ya sita tu mwalimu alisimama: "Muuguzi! Ni yeye!" Watazamaji wakaangua kicheko. Muuguzi akabaki ameduwaa, na muda uliosalia ukajazwa porojo. Mkubwa wa vipindi akafunga faili. "Fumbo gani hili? Hata mtoto angelifumbua."

Kipindi hakikununuliwa. Mtunzi akaomba ahamishiwe kuandika matangazo ya sabuni. Kila alipopita koridoni, Mama Pindo aliinama chini ya meza kutafuta uzi ambao haukupotea.

Miaka miwili alivumilia, kisha akamweleza mdogo wake jinsi kinywa chake yeye dada kilivyomponza mtunzi. Mwalimu alinuna. "Ungeniacha nikosee, dada. Mimi nilidhani umekisia tu. Kumbe hata ile sifa si yangu."

Jumamosi iliyofuata Mama Pindo akaenda nyumbani kwa mtunzi. Mezani palijaa madaftari: fumbo lile lile, limeandikwa upya mara kumi na tisa.

"Naliongezea ugumu," mtunzi alisema kwa aibu. "Lile lilikuwa jepesi."

"Halikuwa jepesi, kaka yangu. Mdogo wangu nilimwambia mimi."

Mtunzi alivua miwani, akaifuta, hakuivaa. "Wale wengine wawili," akauliza taratibu, "walimshuku nani?"

"Mmoja mpishi. Mwingine alikuwa akiapa kuwa ni mjane."

Akacheka kidogo, machozi yakimlengalenga. "Basi lilikuwa zuri." Kisha akainuka, akafungua mlango. "Nenda, Mama Pindo. Umefanya vyema kuja. Lakini leo siwezi kukwambia nimekusamehe."

Hakumwambia siku nyingine pia. Mtunzi akipita koridoni humpa salamu fupi, naye Mama Pindo huacha kazi, husimama, akaitikia.