Nailoni ya Kuchumia Majani

Binti yangu anapanga begi la safari ya mlimani, nami nimemtolea nailoni, ile plastiki ya kujifunga mvua ukichuma majani chai.

"Mami, si hii inanuka!"

Inanuka utomvu wa majani mabichi, kama ile aliyonikunjia mama asubuhi ya safari yetu ya shule kwenda mlima huohuo.

"Mama, watanicheka," nilimwambia siku hiyo.

"Wacha wacheke. Wewe ukifika huko jifunge kuanzia shingoni."

Walinicheka kweli, kutoka shuleni hadi geti la mbuga. Kisha mvua ikashuka, na zile jaketi mpya za sokoni zikanywa maji kama sponji. Mwalimu mmoja akawarudisha waliolowa kwenye basi, wakitetemeka. Mwingine akauliza, "Nani hajalowa?"

Nikainua mkono, peke yangu.

Nilipanda naye, nailoni ikinipigapiga magoti, hadi mawingu yakafunguka na theluji ikatokea, nyeupe, karibu mno. Nilipiga kelele mpaka mwalimu akacheka.

Kesho yake tuliambiwa tuchore mlima. Darasa zima lilinakili daftari langu, wenye jaketi wakiwa wa kwanza kwenye foleni.