Jirani Aliyekuwa Akikimbia Udi Wangu

Mie nnakaa Darsait, hapa Maskati, ghorofa ya chini, peke yangu. Wanangu wamehamia Mabela kwenye majumba makubwa. Ijumaa wanakuja, wanakula, wanatazama simu zao, wanaondoka. Siwalaumu. Lakini wiki ina siku nyingine sita, na hizo ndizo zangu.

Juu yangu wakaja kupanga mume Muingereza, mke Mthailandi, na kitoto chao cha kike. Mume kazi yake jangwani kwenye mafuta, wiki mbili hayupo, wiki mbili yupo. Kiarabu anakijua, tena anakisema kama mtangazaji wa redio. Mke hana Kiarabu wala Kiswahili, na mie Kiingereza changu ni cha kununulia dawa. Shule nilisoma kidogo, huko Unguja, nikaozwa, hayo tuyaache.

Basi yule mke akaanza kushuka kwangu alasiri, mtoto yuko skuli. Tunakaa kitako, tende, kahawa, tunaoneshana picha. Yeye ananionesha mama yake anakaanga samaki, mie namwonesha wajukuu. Nilifurahi mno, sikufichi. Siku za kuja kwake nikivaa kanga mpya. Lakini hajamaliza hata kikombe cha pili, utamwona anainuka, anaunganisha viganja kifuani, anainamisha kichwa, huyo kwenda zake. Leo hivyo, kesho hivyo. Nikadhani kahawa kali, nikapunguza iliki. Nikadhani uzee wangu unanuka. Watu wazima tunanuka, bwana, tusidanganyane. Nikazidisha udi kwenye chetezo. Akazidi kukimbia.

Mwisho akaacha kuja. Nikawa nasikiliza miguu yake juu ya dari, anakwenda jikoni, anarudi. Kahawa nikiitia vikombe viwili kwa mazoea, cha pili nakimwaga.

Mumewe aliporudi, wakashuka wote wawili. Akaniamkia vizuri kwa Kiarabu, akasema, "Khalti, mke wangu anataka kujua amekukosea nini."

"Mie? Yeye ndiye anayenikimbia."

"Unamfukuza wewe. Kila akikaa kidogo tu, unamtolea udi."

Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Kumbe kabla hawajaja alimfundisha mkewe adabu za hapa: mwenyeji akileta udi, ziara imekwisha, mgeni ajifukize ainuke. Na ni kweli, Maskati nzima wanajua, hata mie harusini nafanya hivyo. Lakini sisi wanawake wa Unguja udi wa alasiri ni wetu wenyewe, wa nguo, wa nywele, wa mashuka. Nafukiza nikiwa na mtu, nafukiza nikiwa peke yangu. Sikuwaza kabisa kuwa mtu anaweza kuuhesabu kuwa ni kufukuzwa.

Yule mke hakucheka. Akasema maneno taratibu, mumewe akanitafsiria huku anatazama zulia.

"Anasema, Uingereza mama yangu mimi alimuuliza atarudi lini kwao. Kwao ndugu zake wakamuuliza atarudi lini Uingereza. Akadhani na bibi wa chini ndio anamuuliza hivyo hivyo."

Kicheko changu kikaniganda mdomoni. Nikamshika mkono, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha dawa, "You sit."

Siku ya pili akaja na mtoto. Mumewe alikuwa ameshaniambia kuwa mkataba wake unakwisha kiangazi, na hawajaamua waende kwa nani, kwake au kwa mkewe. Huku wote wawili hawana wa kwao. Wataondoka tu, hilo nnalijua. Nikalijua na kahawa nikamimina. Tukakaa tu, picha zenyewe tulishaziona zote. Ikaadhiniwa magharibi. Mtoto amelala kwenye mto wangu. Nikatandika mswala, nnasali huku nnasikiliza mlango, Mungu anisamehe. Nilipotoa salamu upande wa kulia nikamwona bado yupo, anamfunika mtoto miguu kwa kanga yangu.