Nyumba ya Kupapasa

Kwa miaka kumi na tisa alidarizi mawaridi, mpaka watu wakalisahau jina lake, wakawa wanamwita Mama Waridi. Alidarizi foronya, vitambaa vya meza, mashuka ya maharusi. Mkono wake ulikuwa laini kiasi kwamba ukipitisha kiganja juu ya ua, hukujua uzi umeanzia wapi.

Kisha shangazi yake, aliyemlea na kumfundisha kushika sindano, akapofuka, akahamia kwake. Chumba cha kazi kikagawanywa kwa pazia: huku nyuzi, huku kitanda cha shangazi. Asubuhi moja Mama Waridi akamwekea mapajani kitambaa alichotoka kukimaliza. Shangazi akakipapasa, akakigeuza, akakipapasa tena.

"Umeniletea kitambaa kitupu, mwanangu?"

"Kina mawaridi arobaini, shangazi."

"Basi yamelala. Tusiyaamshe."

Wakacheka wote wawili, ila Mama Waridi akakikunja kitambaa haraka. Tangu siku hiyo sindano ikamgomea. Akianza ua, mkono unasita. Wiki zikapita akiwa amekaa dirishani, uzi magotini, mawazo yanaelea huko na huko, asijue kama amechoka au ndiyo kwanza anaamka. Wateja wakija aliwaambia, "Nipeni muda kidogo," nao wakaanza kwenda kwa wengine. Mumewe, fundi saa asiye na maneno mengi, alimwekea chai kando, akaondoka kwa kunyata.

Alasiri moja akafumba macho, akaacha vidole vitembee mezani. Vikakuta kamba, kipande cha gunia, vifungo, kipande cha mahameli. Hakufumbua macho. Akaanza kushona nyumba ya zamani ya shangazi, ile aliyokulia: mlango wa gunia, ngazi za kamba nene, kuta za mafundo madogo madogo, sebule ya mahameli. Alijichoma ovyo. Lakini nyumba ilimjia chumba kwa chumba, polepole, kama mtu anayeota huku akijua kwamba anaota.

Ilimchukua miezi mitatu. Akaiweka mapajani mwa shangazi. Vidole vya mzee vikagusa gunia, vikasimama.

"Mlango," akasema taratibu.

Vikapanda ngazi moja moja. Ya nne, iliyolegezwa makusudi, ikamponyoka.

"Hii mpaka leo hawajaitengeneza?"

Akapita sebuleni, akazunguka, akaingia chumba cha mwisho, akakaa humo muda mrefu, midomo ikimcheza. Mama Waridi hakuthubutu kumuuliza yuko na nani.

Mwishowe shangazi akashusha pumzi. "Jikoni hujaweka dirisha. Moshi utatokea wapi?"

Mama Waridi akachukua mkasi. "Lilikuwa upande gani?"

Shangazi akamshika kidole, akakiweka mahali penyewe. "Hapa. Na usinibanie, lilikuwa kubwa."