Mwiba kwenye Santuri ya Mjomba

Katika mji wetu wa Singida kulikuwa na wanaume watatu walioamini kwamba muziki ni mali yao, na sisi wengine tunausikia kwa hisani yao tu. Wa kwanza alikuwa fundi cherehani wa Utemini, mwenye gramafoni. Wa pili alikuwa karani wa bomani, mwenye viatu. Wa tatu alikuwa dresa wa zahanati, mtu mpole ambaye kosa lake kubwa lilikuwa kufanya urafiki na hao wawili. Walijiita Chama cha Wapenzi wa Santuri. Kila Jumapili, watu wakishatoka kanisani, walikutana kwenye baraza ya fundi kuonyeshana santuri ambazo, kwa maneno yao, watu wa kawaida hawazijui.

Mtu wa kawaida nilikuwa mimi, mwanafunzi wa darasa la saba, nyumbani kwa likizo.

Hawazijui, eti. Karani alikuwa akiifungua santuri yake kutoka kwenye leso taratibu kama muuguzi anayefungua kidonda, huku akitueleza kwamba hii ni rumba ya Kuba na Tanganyika nzima hakuna mwenye nyingine. Wakati huohuo rumba hiyohiyo ilikuwa inalia kwenye duka la Mhindi, ng'ambo ya barabara. Fundi naye alikuwa akitikisa kichwa na kufumba macho kama mtu aliyeonjeshwa asali. Wote watatu kwa pamoja walikuwa na santuri sita, na kila Jumapili walizigundua upya.

Chama kilikuwa na sheria mbili, zimeandikwa kwenye ubao wa kasha la sabuni juu ya cherehani. Kwanza, kila mtu aje na sindano yake ya gramafoni, kwa sababu sindano za chuma zilikuwa adimu. Sindano ikiwa butu, fundi aliinoa kwenye jiwe la kunolea mkasi na kuirudisha kazini. Ndiyo maana santuri zao zilikuwa zimepauka kama miguu ya mchunga mbuzi, na yule mwimbaji wa Kuba alisikika kama mtu anayeimba huku anakaanga karanga. Pili, santuri ikizunguka hakuna kusema. Anayefungua mdomo anapoteza zamu, na zamu inachukuliwa na aliyemkamata.

Ningewaacha na karanga zao kama si mjomba wangu wa Unyambwa. Miaka kadhaa nyuma alipita Mzungu mmoja mwenye gari lililojaa mashine, akawaita wapigaji wa zeze, akawanasa sauti, akaenda zake. Baada ya muda mrefu ilikuja santuri moja kupitia bomani, ya mjomba, akipiga na kuimba mwenyewe. Mjomba aliifunga kwenye kitambaa na kuiweka juu ya dari ya ghala la mtama. Alikuwa hajawahi kuisikia hata siku moja. Nani Unyambwa ana gramafoni? Shuleni kwetu iko moja, lakini ile hupigiwa nyimbo za kanisa tu. Na sasa sikio lake la kushoto lilikuwa limeshaziba, la kulia nalo lilianza kufuata. Aliniambia bila kulalamika kwamba angependa kujisikia mara moja kabla mlango haujafungwa.

Jumapili ya kwanza ya likizo nilikwenda nayo kuwaomba waipige. Karani aliigeuzageuza santuri, akasoma kibandiko, akanirudishia kwa vidole viwili. Akasema zeze ni kitu cha kwenye pombe, na watu waliostaarabika hawaweki pombe kwenye gramafoni. Fundi akacheka mpaka akajichoma na pini. Dresa alitazama miguu yake.

Jumapili ya pili nilikwenda na mjomba. Alitembea tangu alfajiri, amevaa koti lake la msibani, kwa kuwa ndilo pekee alilo nalo. Walimpa shikamoo, hilo sitawanyima, kisha wakamwachia akae chini kwenye kizingiti, wao kwenye viti.

Ilikuwa zamu ya fundi. Rumba ikaanza kuzunguka, wote kimya, macho yamefumbwa. Mezani kulikuwa na kaptula ya kaki ya Bwana Shauri, Mzungu mkubwa wa bomani, imenyooshwa, inangoja kupelekwa Jumatatu. Kando yake ilikaa pasi. Nikaiinua pasi, nikakohoa kidogo ili fundi afumbue macho, kisha nikaishusha polepole, kama mtu anayelaza mtoto, juu ya matako ya Bwana Shauri.

"Kaptula ya serikali!" fundi akapiga kelele.

Pasi ile ilikuwa haijatiwa mkaa tangu Jumamosi, na mtu aliyepaswa kujua hilo kuliko wote ni yeye. Nikaonyesha ubao wa sheria. Karani alifungua mdomo kunitukana, akakumbuka kwamba rumba bado inazunguka, akaufunga. Alikuwa anachekesha, kama chura aliyemeza nyuki. Santuri ilipokwisha, ni dresa aliyesema, kwa sauti ndogo, kwamba sheria ni sheria na zamu ni ya mwanafunzi.

"Zamu ni yako," fundi akasema, "ila sindano si yako. Huna."

Nilikuwa nayo. Nilitoa mfukoni mwiba wa mgunga niliouchonga kwa wembe. Mwalimu wetu aliwahi kutusimulia kwamba wakati wa vita, sindano zilipokosekana, walipigia miiba, na mwiba hauli santuri. Karani akauliza kama sasa tutaendesha gramafoni kwa kuni. Niliubana mwiba mahali pake polepole, maana santuri ilikuwa moja tu duniani.

Ikalia. Lakini mwiba una sauti ndogo, hilo mwalimu hakutuambia. Zeze lilitoka kama linapigwa nyumba ya jirani. Nilimtazama mjomba pale kizingitini. Alikuwa ananitazama mimi, anangoja ianze.

Nilimwinua kwa mkono, nikampitisha katikati ya viti vyao, nikamwinamisha mpaka sikio la kulia likaingia ndani ya pembe ya gramafoni. Hapo uso wake ukatulia. Kidole chake kikaanza kugonga meza.

Kichwa chake kiliziba pembe yote. Wale waliostaarabika wakabaki na mnong'ono tu, na basi, ungewaona. Fundi alisogeza kiti. Karani, na viatu vyake, alipiga magoti upande wa pili akitafuta pengo kati ya koti na bati la pembe. Hawakuweza kumwomba mzee asogee, sheria ilikuwa inawatazama kutoka ukutani.

Santuri ikaisha. Mjomba hakuinua kichwa.

"Mbona amenyamaza?" akaniuliza.

"Imekwisha, mjomba. Santuri imejaa."

"Imejaa nini? Ndiyo kwanza anaanza."

Akatuambia, bado ameinama, kwamba anakumbuka sasa. Yule Mzungu alikuwa ameshika saa, na kila mara akimwonyesha kwa kidole kwamba muda unakwisha, ndiyo maana mpigaji huyu ana haraka kama mtu anayefukuzwa na mvua. Wimbo wenyewe hakuufikia. Kisha akanyooka, akarudi kizingitini, akakaa, na kuuendeleza pale ulipokatika, kwa mdomo, kwa Kinyaturu, akigonga mdundo kwenye goti.

Fundi alikohoa na kutangaza kwamba sasa ni zamu ya karani. Dresa, yule mpole, akanyoosha kidole taratibu, akamwelekezea fundi, kisha ubao. Fundi akakaa. Mjomba aliimba mpaka kivuli cha baraza kikavuka barabara, na rumba ya Kuba haikutoka kwenye leso siku ile.

Njiani kurudi Unyambwa nilimbebea santuri. Nilimwambia nitaitunza vizuri, nitaichongea miiba mingine. Yeye akanyoosha mkono hewani kama anayefukuza nzi.

"Wape wale wa gramafoni," akasema. "Wao wanapenda mianzo."

Sikuwapa. Hata mwanzo hawaustahili.